Ruzuku isiyo na masharti kwa mashirika ya Weusi Marekani
Mwaka 2020, Echoing Green (shirika linalofadhili wanaoanzisha miradi ya kijamii) na Bridgespan (washauri wa mashirika yasiyo ya faida) walilinganisha mashirika yaliyofika mbali kwenye maombi ya ufadhili ya Echoing Green. Mapato ya yale yanayoongozwa na Weusi yalikuwa pungufu kwa 24% kuliko ya yale yanayoongozwa na Wazungu. Kwenye mali isiyofungwa na masharti ya mfadhili, pengo lilikuwa 76%. Hili la pili ndilo linaloumiza. Mfadhili wa mradi akichelewesha awamu ya pili, mishahara inakwama hata kama benki kuna pesa, maana zimeandikiwa "mafunzo ya vijana" na kuzigusa ni kuvunja mkataba.

Anayetaka usawa wa kweli atoe ruzuku ya uendeshaji wa jumla, yaani isiyofungwa na mradi mmoja, miaka 3 hadi 5, alipe mwanzoni mwa mwaka, na akubali ripoti iliyokwisha kuandikwa kwa mfadhili mwingine. Sharti la hesabu zilizokaguliwa lilegezwe kwa mashirika madogo: ukaguzi ni ghali, na huwaacha nje walewale waliokusudiwa.

Julai 2020 MacKenzie Scott, bilionea wa Marekani, alitangaza misaada yake. Dola milioni 587 hivi zilikwenda kwenye usawa wa rangi, na wapokeaji wakaachiwa waamue matumizi wenyewe.