Bei ya kutajiwa na bei iliyolipwa

Toka nianze kazi ya udalali wa nyumba na viwanja hapa Mtwara, marafiki zangu wananiuliza kitu kimoja kila tukikutana, eti unapata wapi ujasiri wa kusimama mbele ya mtu mwenye milioni zake umwambie nunua hapa, pale achana napo. Wengi wanadhani ni mdomo. Wanaona dalali ni mtu wa maneno mengi, anapiga simu huku anatembea, ana jibu la kila kitu. Mimi kuongea sijaanza leo, lakini kuongea hakukunisaidia chochote pale mteja aliposimama katikati ya kiwanja akaniuliza, "Dada, huku Chuno ishirini kwa ishirini inaenda ngapi kwa sasa?" Hapo maneno hayana kazi, anataka namba, na macho yako yakianza kuhama tu ameshajua.

Kwa hiyo kwangu mimi ujasiri kwenye hii kazi unatoka kwenye kujua bei iliyolipwa. Yaani ile hela iliyotoka kwa huyu ikaingia kwa yule mbele ya mashahidi. Bei anayoitaja mwenye nyumba naisikiliza kwa heshima zote, ila siijengei kitu.

Na hapa kwetu hilo lina uzito kuliko sehemu nyingi, maana Mtwara ni mji ambao bei zake zimepandishwa na matumaini zaidi ya mara moja. Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, ndio bandari ikajengwa, ndio reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea, mradi ukafa, reli ikang'olewa, jina la Reli likabaki mtaani. Halafu gesi. Mnazi Bay iligunduliwa toka 1982 lakini mji ulichangamka kweli kweli kuanzia 2010 hivi, makampuni yalipoanza kutangaza gesi ya bahari kuu leo hapa kesho pale, wageni wakajaa, watu wa Dar wakawa wanatuma hela za viwanja ambavyo hawajawahi kukanyaga, nyumba za Shangani zikapangishwa kwa dola. 2013 tukaingia kwenye vurugu za bomba la kupeleka gesi Dar, wote tunakumbuka, sitaki kulirudia. Mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ikaporomoka, makampuni yakapunguza watu, nyumba nyingi zikabaki na mlinzi na mbwa. Mradi mkubwa wa LNG, yaani wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika ili isafirishwe kwa meli, uliopangwa Likong'o kule Lindi umekaa kwenye mazungumzo miaka yote hii.

Wageni wakaondoka, ila bei zao wametuachia vichwani. Nimekaa na mzee mmoja Shangani, shikamoo baba, marahaba binti, karibu, kanikaribisha vizuri mpaka dafu nimekunywa, tulipofika kwenye bei akaniambia, "Hii nyumba mwanangu mzungu alinipa hela nzuri 2012 nikakataa, siwezi kuiuza chini ya hapo." Nilimuelewa kabisa. Ile ofa kwake ni kama mali aliyonayo mfukoni, na wewe binti wa juzi unakuja kumwambia haipo. Kuna watu wamekaa na kibao cha "nyumba hii inauzwa" mpaka maandishi yamefifia kwa jua, na jirani yake wa nyumba mbili kauza kimya kimya kwa karibu nusu ya bei hiyo na hajamwambia mtu.

Huyo wa kimya kimya ndio ninayemtafuta.

Huwa naangalia video za maajenti wa Marekani, kule kila jimbo lina mtihani na leseni yake kabla hujauza hata banda la kuku, na maajenti wana mifumo ya pamoja wanaita MLS, nyumba ikiuzwa na bei yake inaingia humo, kwa hiyo agenti mgeni anakaa kwenye kompyuta asubuhi moja anajua mtaa mzima umeuzwaje. Sisi hapa inabidi uende kwa miguu. Nimenunua kaunta buku, nimeigawa kurasa kwa mitaa, Ligula, Chuno, Rahaleo, Likombe, Magomeni, Mangamba, Naliendele, Mikindani inaendelea, na kwa kila kiwanja au nyumba naandika ukubwa, kimepimwa au hakijapimwa, alitaja ngapi, kililipwa ngapi, kilikaa sokoni muda gani. Halafu kuna safu ya mwisho ambayo naiona ni ya maana kuliko zote, nani kaniambia. Maana muuzaji huwa anaongeza kidogo ili asionekane kauza bwerere, na mnunuzi anapunguza ili aonekane mjanja, kwa hiyo nikiwapata wote wawili naenda kumtafuta shahidi aliyesaini, huyo hana cha kupoteza, mara nyingi yeye ndio ananipa ukweli. Mafundi nao, fundi aliyejenga fensi ya mtu anajua mengi kuliko mwenyekiti wa mtaa. Na wamama wanaouza chapati asubuhi, jamani, hao wanajua nani anahama kabla mwenye nyumba hajajua.

Sehemu nyingine ni kuangalia kwa macho yako mwenyewe. Sipeleki mteja kwenye nyumba ambayo sijaingia peke yangu kwanza. Juzi kuna nyumba karibu na bahari, nzuri, gipsamu mpya, madirisha ya aluminiamu, imepigwa rangi nyeupe inang'aa, nikasogea kwenye nguzo ya baraza nikapitisha ukucha pale chini, rangi ikabanduka ganda zima, ndani yake kuna ufa umekwenda juu na kutu la kahawia linatoka, maana yake nondo imeshaliwa na chumvi na inalipasua zege kutoka ndani. Nikafungua bomba la kisima nikaonja maji, chumvi. Nikamuuliza anayeitunza mabati yana muda gani, akacheka akasema hayo ni ya tatu. Hayo yote yakaingia kwenye kaunta buku, na mteja aliponiuliza kwa nini nasema ile nyumba haifiki bei yake sikuwa na haja ya kupandisha sauti, nilimpeleka kwenye nguzo.

Kitu kingine nimejifunza hapa mjini, hela ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, ndio utaona watu wa Tandahimba na Newala wanashuka kutafuta kiwanja mjini, wana hela taslimu na hawana muda, wanataka wamalize kabla hela haijaingia kwenye mambo mengine. Vyuo navyo vinafungua kipindi hicho hicho, wanafunzi wa Stella Maris na TIA wanatafuta vyumba, na toka serikali ielekeze korosho zisafirishwe kupitia bandari yetu kuna madereva na watu wa maghala nao wanataka pa kulala. Bei ya kipindi hicho ukiichukua ukamwambia mtu wa mwezi wa tano ndio bei ya soko umemdanganya, hata kama hukukusudia. Mwezi wa tano watu wanawaza salfa ya kupulizia mikorosho, hela iko shambani, na mwenye shida ya ada anauza kwa bei ambayo ukiiona unajisikia vibaya. Mimi muuzaji wa hivyo kama anaweza kusubiri namwambia asubiri, hata kama kamisheni yangu nayo inasubiri.

Na mji wenyewe unahama. Zamani kila mtu alikuwa anataka Shangani, siku hizi napigiwa simu za upande wa Mikindani kwa sababu ya ile hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, manesi na madaktari wanataka nyumba ya kujitegemea, maji ya uhakika na bajaji usiku wakitoka shifti. Wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Msijute wana mahitaji yao mengine. Nesi mmoja nilimuonyesha vyumba viwili vya Ligula alivyovipenda sana, nikamuuliza dada yangu zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi na nauli utaipiga vipi, tukakaa tukapiga hesabu kwenye simu yake, mwisho kapanga Mikindani kwa kodi ya chini, na sasa wenzake wananitafuta. Kitu kidogo pia huwa nakisema mapema, kodi ya jengo toka 2021 inakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme, kwa hiyo mpangaji ndiye anakatwa wakati inayodaiwa ni ya mwenye nyumba, bora wakubaliane siku ya kwanza inarudishwaje kuliko wagombane mwezi wa nne.

Kwenye viwanja na mashamba ndio pana uzito zaidi. Shamba huku linauzwa kwa kuhesabu mikorosho inayozaa, na lazima uulize korosho za msimu huu ni za nani, maana wapo wanaoweka shamba rehani kwa msimu, unanunua leo na Oktoba anakuja mtu mwingine kuokota kwa haki yake kabisa. Unauliza na mjomba yuko wapi. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo umekuwa ukifuatwa upande wa mama, mjomba ana neno lake kwenye mali ya ukoo, sheria ya serikali isomeke vyovyote lakini mjomba asiposhirikishwa utamkuta kwenye kesi. Kama mali ni ya urithi naomba kuona karatasi ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Kama ni nyumba ya familia namtaka mke awepo, na simaanishi awepo jikoni, akae pale tulipokaa na asaini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Kikiwa na hati nasema twendeni tukafanye upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa, tuone jina ni lake kweli na kama hakuna mkopo wa benki umekaa juu yake, na tuangalie miaka iliyobaki, maana ardhi yetu ni ya umma Rais akiwa mdhamini, wewe una haki ya kuitumia kwa muda, 33, 66 au 99. Alafu tunaenda kutafuta bikoni, yale mawe ya mipaka yaliyowekwa na wapimaji. Bikoni zote nne, hata kama tunafyeka majani.

Wapo madalali wenzangu wanaona nachelewesha biashara. Kuna mmoja, ni kaka yangu wa kazi na namheshimu, aliniambia ukimwambia mteja kila kitu utakufa njaa, weka cha juu, mwenye kiwanja anataka kumi wewe sema kumi na tatu, tatu zako. Mimi cha juu sitaki. Mji huu ni mdogo, muuzaji na mnunuzi watakutana msikitini au kanisani au kwenye msiba, wataongea, na jina langu litakuwa katikati ya maongezi yao. Kamisheni yangu naitaja mwanzo, wote wawili wakiwa wanasikia, na kwenye tangazo nikiandika maongezi yapo basi kweli yapo.

Wiki iliyopita alikuja baba mmoja kutoka Dar, mzaliwa wa huku, anataka kujenga ya kustaafia. Alikuja na bei zake alizopewa na ndugu zake, na akawa ananipima, unaona kabisa ananipima, anauliza swali ambalo jibu analo. Nikamwambia, "Baba, kiwanja hiki utatajiwa bei hii. Cha jirani ambacho kimepimwa kililipwa hii msimu wa korosho, na kile cha kona ambacho hakijapimwa kililipwa hii mwezi wa sita. Mimi ningeanzia hapa na nisingevuka hapa. Kama unataka bei ya kisheria ya benki au mahakama hiyo sio kazi yangu, tutafute mthamini aliyesajiliwa." Akanyamaza, akauliza, "Binti, umejuaje?" Nikamfungulia kaunta buku, nikaziba majina kwa kiganja, akasoma ukurasa mzima amesimama kwenye jua. Mwenye kiwanja alianza juu kama nilivyosema, tukakaa chini ya mwembe mpaka adhuhuri, wakakubaliana ndani ya zile namba mbili. Bado upekuzi haujarudi kwa hiyo hela haijatoka, na nimemwambia baba hata ya kishika uchumba asitoe mpaka tuione karatasi.

Sasa hivi kurasa zangu za barabara ya Naliendele ziko wazi mno, huko kunakatwa viwanja kila siku na bei ninazosikia hazifanani kabisa, na za Mikindani mjini kwenye zile nyumba za mawe za zamani nina mbili tu ninazoziamini. Kama umenunua au umepanga upande huo mwaka huu niandikie ulilipa ngapi, ni mwezi gani, na kama kimepimwa. Jina lako baki nalo.