Mtambo kijijini kwenu ni wa nani?

Kuna kitu huwa kinanikera kwenye miradi ya umeme wa maji, jua na upepo huku vijijini. Wageni wanakuja, risala inasomwa, mbuzi anachinjwa, kijiji kinaahidiwa madarasa mawili na kisima, makofi, picha, kwisha. Madarasa sio mabaya jamani, ila mtambo wenyewe ni wa nani? Hela ikianza kuingia daftari anashika nani?

Mi huwa natolea mfano Njombe. Pale Matembwe kuna kampuni ya kijiji kabisa, Matembwe Village Company, imeanza miaka ya 80 kwa msaada wa Waitaliano wa shirika la CEFA, mtambo wao wa maji ulikuwa wa kilowati 120 tu. Kinachonifurahisha ni kwamba hawakuishia kwenye taa na kuchaji simu, wakaweka na kituo cha kutotolesha vifaranga, na hapo ndo utaona akili yake, maana maji ya mto hayalali, saa nane usiku kijiji kizima kimezima taa lakini mtambo unaweza kuzalisha vilevile, sasa mashine ya kutotolesha inataka joto siku 21 usiku na mchana, yaani umeme ambao ungepotea bure unatoka pale ukiwa kifaranga anayeuzwa. Baadaye ukaja mtambo wa Ikondo, kilowati 430, na ziada inauziwa TANESCO. Ludewa nako kuna Mawengi, kilowati 300, jumuiya ya watumiaji inaitwa LUMAMA ndo inauendesha.

Alafu kuna faida moja watu hawaisemi sana. Mtambo ukiwa wenu, mto unakuwa wenu kwelikweli. Nyanda za juu kule kuna ishu ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na milingoti, ile mikaratusi inayonyonya maji, iliyopandwa mpaka kwenye chanzo cha maji, na bwana maliasili anaweza kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Lakini mtu akijua milingoti ya jirani yake ndo inafanya taa ziwe hafifu mwezi wa kumi na moja, hasubiri bwana maliasili, anaenda kumsema mwenyewe.

Sasa angalia Kenya upande wa Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, mitambo ya upepo 365, mkubwa kweli, ila nyaya za kilovolti 400 zinaondoka pale moja kwa moja mpaka Suswa zikipita juu ya vichwa vya wafugaji, na kesi ya ardhi ikafika mahakamani Meru, mwaka 2021 ikaamuliwa kwamba hati hazikutolewa kwa kufuata sheria. Kipeto, mradi mwingine wa upepo kule Kajiado, angalau wenye ardhi wamekodisha tu na wanalipwa sehemu ya mapato ya umeme. Sio umiliki kamili, ila afadhali mara mia kuliko kisima.

Msidhani kumiliki ni raha tupu lakini. Beringi ikifa hakuna wa kumpigia simu, mnachanga au mnatoa kwenye akiba, na kama bei ya uniti mliipanga kwa kuoneana huruma basi akiba hamna. Kiangazi maji yanapungua. Kuna shemeji wa mwenyekiti ambaye halipi na hakuna mwenye ubavu wa kumkatia. Ndo maana mi napenda mita za kulipia kabla, hazina shemeji.

Kwa Tanzania kijiji kina nguvu kuliko kinavyojijua, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Kwa hiyo muda wa kuuliza ni ule ule wa mkutano, kabla muhtasari haujasainiwa: hisa zetu ngapi, nani anakagua mahesabu, miaka ishirini ikiisha mtambo unabaki kwa nani, na mkataba uletwe kwa Kiswahili usomwe wote kwa sauti, hata kama wali utapoa.