Nimezaliwa mwongo wa tisa

Jana usiku umeme ulizima, mwanangu akaenda kupekua droo ya kabati anatafuta mshumaa, akarudi na kile kimkebe cha maziwa ya unga. Kakifungua, kanusa, kanusa tena, halafu ananiuliza mama, hizi si karafuu? Namwambia ndio, karafuu. "Sasa mbona hazinuki?"

Sikumjibu palepale. Niliuchukua mkebe nikaupakata gizani, na nje mvua ya vuli ndo kwanza inaanza kupiga yale mabati ya vibanda vya chini, maana sie huku Michenzani, Unguja mjini, ghorofa ya tatu mvua tunaisikia kwa mabati ya watu.

Ni Oktoba tena. Tarehe moja watu wamenijazia wasap salamu na makeki ya picha kama kila mwaka na mie nawajibu wote ahsanteni, Mungu awazidishie, ingawa wengine mnajua hadithi ya ile tarehe. Cheti kinasema 1/10/1984 na cheti kinasema uongo. Baba aliniandikisha hivyo nilipotakiwa kuanza skuli, fomu bila tarehe haipokelewi, akachagua moja kwa sababu nyepesi kuikumbuka. Mama ukimuuliza anasema mwezi wa kumi, basi, ukimbana siku gani anakwambia mie nlikuwa nnazaa, sikuwa nnasoma kalenda.

Aliyekuwa na hesabu ni bibi, mzaa mama, wa Pemba, na hesabu yake ilikuwa ya Mwaka, huu unaoanza Julai wanaoukoga kule Makunduchi, siku zake zinakwenda kumi kumi na kila kumi inaitwa mwongo. Wavuvi na wakulima wa zamani ndo saa yao hiyo, upepo ugeuke lini, mtu apande nini lini, wote kwa miongo. Basi bibi alisema mie nimezaliwa mwongo wa tisa. Ukipiga vidole inaangukia katikati ya Oktoba, siku kumi nzima, ipi ndani ya hizo kumi hakuna anayejua.

Darasa la tatu mwalimu alituuliza kila mtu kazaliwa lini, nkasimama kwa kujiamini kabisa nkasema "mie nimezaliwa mwongo!" Khaa. Mpaka leo kuna mbaba mmoja nikikutana nae Darajani, ana ndevu nyeupe na heshima zake, anapaza sauti katikati ya watu, "We Mwongo, hujambo?"

Ndo maana kwetu bethdei ni mwezi mzima. Tarehe moja ya kazini, soda na keki ya kukatiwa. Halafu tunangoja mwongo wa tisa uingie tunapika. Mume wangu anasema yeye bethdei yake siku moja, yangu siku kumi, na mnunuzi wa nyama ni yeye kote kuwili.

Mwaka 2014 nlikuwa natimiza 30 na nkaingiwa na wazimu kwamba mara hii twende tukafanye kwa bibi mwenyewe, shamba, Mtambwe. Bibi kwenye simu hakuelewa. "Mtume tunamsomea maulidi. Weye n'nani?" Ilibidi mama aingie kati, ikawa maneno ya siku tatu, mwisho ikakubaliwa kuwa itasomwa dua kwanza, watu wale pilau, na baada ya hapo kama mjomba atapiga kifidla chake yeye bibi atakuwa jikoni hasikii.

Mjomba ni wa fidla toka udogo, kajifunzia dirishani, anasimama nje wenyewe wakifanya mazoezi pale Culture, kile kikundi cha taarab cha Vuga, halafu anarudi nyumbani anajaribu kwa kamba ya ndoo. Yeye na wenzake watatu wana kidumbak chao cha kuchezea kwenye harusi za mtaani, vidumbak viwili, yaani vingoma vidogo, cherewa za kutikisa, na sanduku, lile kasha la mbao lenye kijiti na kamba moja, ukilipiga linatoa besi mpaka tumboni. Basi tulipanda meli bandari ya Malindi, hapa Unguja, na sanduku, vidumbak, watoto, na keki. Keki nliipakata mimi njia nzima. Nliichukulia mjini, nyeupe, maua ya pinki, katikati imeandikwa 30 kwa rangi nyekundu, na hilo jina langu walolikosea herufi tusilizungumze. Mawimbi yakija nainyanyua, gari ikipiga shimo nainyanyua, tumefika Mtambwe mikono imekufa ganzi lakini keki haina hata mkwaruzo.

Na nlikuwa nimesahau kitu kimoja. Oktoba Pemba ni karafuu. Uwanja wote wa bibi ulikuwa umeanikwa, majamvi kama saba, nyingine bado mbichi rangi ya waridi, nyingine zishaanza kuiva na jua zinakuwa kama kutu, na watu wamekaa ukumbini wanachambua, makonyo, vile vijiti vyake, huku karafuu huku. Mwaka ule shirika la serikali linalonunua karafuu, ZSTC, lilikuwa linanunua elfu 14 kilo kwa daraja la kwanza kwa hiyo hakuna aliyekuwa anacheza. Nikauliza bibi, sasa watu watakaa wapi? Akanionesha kipande chini ya mwembe, ukubwa wa kitanda. Hapo.

Basi tukajibana hapo hapo. Jumamosi ya tarehe 18, baada ya sala ya alasiri, dua ikasomwa, meza ndogo ikawekwa keki, masinia ya pilau yamefunikwa kawa, mchuzi wa pweza wa nazi, mikate ya kumimina, halua mjomba kaipitia Wete, na asmini mama kanitia nyweleni kama bi harusi. Mjomba akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa akaanza kukaza nyuzi. Majirani wamejaa. Bibi kweli yuko jikoni, ila dirisha la jikoni kalifungua lote.

Nataka nielezee vizuri hapa maana ndo penyewe.

Mjomba kaanza, sanduku likaingia, dum, dum, watoto wakaanza kuruka. Mtu kawasha mshumaa mmoja maana upepo hauruhusu thelathini. Nimeshika kisu. Wakati ule jua lipo, nakumbuka lipo, lilikuwa linapiga kwenye fidla mpaka nkafumba jicho moja. Halafu ule upepo ukasita. Mkisikia watu wanasema vuli haibishi hodi ndo hiyo, nliona tone moja limeanguka katikati ya sifuri ya thelathini, tone moja tu, kubwa, likatoboa kishimo. Nkaliangalia. Nkasema moyoni, labda jasho la mtu.

Dirishani bibi akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa binadamu.

"Anueniii! Karafuu! Anueni!"

Sijui niwaambie vipi. Uwanja ulikuwa na watu kama arubaini na wote wakanigeuzia mgongo kwa mara moja. Shehe alotusomea dua kakunja kanzu kiunoni kashika ncha ya jamvi. Majirani waloalikwa, wanawake wamevaa madera mapya, wanainama wanazoa kwa viganja. Jamvi unalikunja kutoka ncha mbili karafuu zinakusanyika katikati, halafu wawili mnalibeba kama maiti mnakimbia nalo ndani, lakini majamvi saba na mlango mmoja, watu wanagongana, mtu kateleza, jamvi zima likamwagika kizingitini. Mvua sasa si matone, ni kamba. Bibi mwenyewe, wa miaka themanini na kitu, kapandisha kanga magotini anatoa amri kama nahodha, weye huku, weye kule, wacha kulia zoa. Magunia hayatoshi, ndoo zimejaa, na hapo ndo yule mpiga sanduku, Mungu ambariki, aling'oa kijiti na kamba kwa mkono mmoja, akalipindua sanduku lake juu chini na kuanza kuzolea.

Mie bado nimeshika kisu. Nimesimama na asmini zinanidondokea usoni, naangalia keki, naangalia watu, na sitaki kusema uongo, kilinipanda kitu hapa kooni. Miaka thelathini, nimebeba keki toka Unguja, na hakuna hata mmoja alogeuka. Nikasema nani ataichukua keki, nikasema kwa sauti, na bibi akapita mbele yangu na ungo umejaa akanambia bila kusimama:

"Keki hailipi ada. Shika jamvi!"

Nkaweka kisu. Nkashika jamvi. Mwisho kabisa nilipogeuka uwanja mtupu, mvua inapiga, na juu ya meza ile rangi nyekundu imeyeyuka inachuruzika, sifuri imeondoka, imebaki 3. Bata wawili wa bibi wamepanda kiti wanakula maua ya pinki. Bata hawana haraka na mvua, mnawajua. Walikula kwa utulivu mpaka wakafika kwenye jina.

Yaliyofuata ni ya haraka. Nyumba ikajaa karafuu, vyumbani, ukumbini, mpaka kitanda cha bibi, na sie tukakaa katikati yake tumeloa chepe, tukala pilau kwenye masinia huku karafuu zimetuganda miguuni. Harufu ilikuwa kali mpaka macho yanatiririka, kwa hiyo hata waliotaka kulia walilia bila kuulizwa. Mjomba akafuta fidla kwa kanga ya mama akapiga, nyuzi zimelegea inatoa sauti kama mtu mwenye mafua, na sanduku lilivorudishiwa kamba lilikuwa na karafuu zimenasa kwenye pembe ndani, kila likipigwa linachakarika, yule wa cherewa akaweka cherewa chini akasema kazi yangu imechukuliwa. Tulicheka mie nikaumwa mbavu. Na bibi, aliyesema hatosikia, aliinuka taratibu kwa madaha akaenda kumtunza mjomba kama wanavotunzwa waimbaji, ila mkononi hakuwa na noti, alikuwa na konzi ya karafuu, akamtilia mfuko wa shati.

Hapo nkajiona nimepata, nkamuuliza bibi, siku nliyozaliwa ilikuwa hivi hivi eeh, mvua na karafuu?

"Hasha. Jua kali lile. Karafuu zilikauka siku tatu."

Mama akaruka. "Mama weye! Mvua mpaka mkunga kaja na jani la mgomba kichwani!"

"Huyo ni kaka yake."

"Kaka yake nimemzaa masika, mama."

"Basi weye ulikuwa wapi, ulikuwa umelala chali, mie ndo nlokuwa nje."

Wakabishana mpaka isha. Mara mwongo wa tisa, mara bibi mwenyewe akateleza akasema wa nane, alipoona nimemtazama akarekebisha haraka. Nkaacha kuuliza. Sikutaka kujua kama zile siku kumi nazo alizichagua kwa sababu ni nyepesi kuzikumbuka.

Asubuhi jua likatoka kama hakuna lililotokea, zikaanikwa upya. Nyingi zilipona. Zile zilizomwagika kizingitini hazikupona, zikawa mpeta, nyeupe nyeupe, nyepesi, hazina mafuta, hizo kwa shirika hazina bei ya maana. Bibi alizitenga pembeni akatafuta mkebe wa maziwa akajaza, akanipa nikipanda gari. "Zawadi yako ya hiyo sikukuu yako." Sikujua ananikejeli au vipi, na uso wake haukuwa uso wa kumuuliza mtu mara mbili. Amefariki mwaka wa pili yake, masika.

Hayo yote jana sikumsimulia mtoto, nilimwambia tu zililowa zikaharibika. Akaniangalia kwa ile taa ya simu. "Zimeharibika na unaziweka?" Nkamwambia ndio. Akachukua moja akaitia mdomoni, akatafuna, akakunja uso.

"Bado chungu," kasema. Halafu, "kwa hiyo bethdei yako ishapita au bado?"

Umeme ukarudi, watoto wa jengo zima wakashangilia, na yeye akakimbilia chaji. Mkebe nimeurudisha droo ile ile. Asubuhi mjomba kapiga simu, mgongo unamsumbua lakini fidla ipo, anauliza mwaka huu siku gani hasa ajipange. Nimemwambia aje tu, akikuta pilau basi ndo siku yenyewe.