Jinsi nilivyoondoa mistari ya giza kwenye picha za kamera
Kamera niliyoifunga juu ya meza ya kazi ilikuwa ikitoa picha zenye mistari mipana ya giza iliyopanda polepole, na kadiri nilivyoongeza mwanga wa taa ndivyo mistari ilivyozidi kukolea. Kihisi chake, yaani sehemu inayopokea mwanga, husoma picha safu baada ya safu, si yote kwa pamoja, nayo taa ya umeme wa hezi 50 hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Mpangilio wa kujirekebisha, kwa kukuta mwanga mwingi, ulikuwa umefupisha muda wa kupokea mwanga hadi milisekunde 3, hivyo safu nyingine zilisomwa taa iking'aa na nyingine ikiwa imefifia.

Niliuzima mpangilio huo, nikaweka milisekunde 10 kamili, muda unaotosha mpigo mmoja mzima wa taa. Mistari ilitoweka papo hapo. Picha ilipokuwa nyeupe kupita kiasi, nilishusha ukuzaji wa ishara (kiasi ambacho kamera huongeza nguvu ya ishara ya kihisi), uliokuwa umewekwa kwenye desibeli 12, hadi 2; kwangu hiyo ndiyo faida kubwa zaidi, kwani chengachenga kwenye vivuli zilipungua pia. Penye umeme wa hezi 60, muda unaofaa ni takriban milisekunde 8.3, au vizidishio vyake.