Kulala Circus Circus na watoto bila kuumia mfukoni

Wazazi mnaopanga kwenda Las Vegas kwa bajeti ndogo, bei ya chumba pekee siyo mtakayolipa. Hoteli ya Circus Circus, iliyofunguliwa 1968, huongeza ada ya huduma kwa kila usiku, kisha kodi. Katikati ya wiki ada hiyo inaweza hata kuzidi bei ya chumba, kwa hiyo linganisheni hoteli kwa jumla ya mwisho tu. Mapokezi huzuia pia dhamana kwenye kadi. Tumieni kadi ya mkopo, maana kwenye kadi ya benki ya kawaida pesa hukawia siku kadhaa kurudi.

Mkiona vyumba vya Manor kwa bei ya chini, jueni viko nyuma, mbali na jengo kuu. Mwenye mtoto wa kubeba aongeze kidogo achukue chumba cha jengo la West Tower.

Sarakasi za ndani ni bure na ni nzuri kweli! Kwa Adventuredome, bustani ya michezo iliyo ndani ya hoteli, pimeni urefu wa mtoto kabla ya kununua tiketi ya siku nzima: treni ya kasi ya Canyon Blaster inataka inchi 48, yaani sentimita 122. Na kwa sheria ya Nevada, aliye chini ya miaka 21 anapita tu kwenye ukumbi wa kamari. Msisimame naye kando ya mashine, mtaondolewa.