Dogo wa mikimbio 628

Jumapili jioni nilipita kwenye uwanja wa vumbi hapa Chang'ombe nikakuta madogo wanacheza kriketi, wiketi (shabaha ya mrushaji nyuma ya mpigaji) ni tofali mbili zimepandana, beti wameichonga kwenye mbao ya kupaulia, na kuna mmoja walishindwa kabisa kumtoa, wenzake wanalalamika zamu zamu bwana, yeye wala! Nikasimama pale mpaka magharibi, maana yule dogo alinikumbusha A.E.J. Collins.

Collins alizaliwa India 1885, wazazi wakafariki angali mdogo, akasoma bweni pale Clifton, mji wa Bristol huko Uingereza. Juni 1899, ana miaka 13 tu, kwenye mechi ya bweni kwa bweni, wala sio ligi, akaingia kupiga na hawakumtoa. Siku nne aisee! Walikuwa wanacheza vipande vipande, ukijumlisha yote inakaribia masaa saba, wapinzani mara kadhaa mpira umefika mikononi wakauangusha, wangeudaka angekuwa ametoka, habari zikafika mpaka magazetini, shule nzima inakuja kuangalia. Mwenzake wa mwisho alipotolewa, zamu ya timu ikaisha, Collins alikuwa na mikimbio 628, yaani pointi zake, na bado yupo. Timu nzima ilikuwa na 836, sasa piga hesabu mwenyewe wale wengine kumi waligawana nini. Na hapo hapo akageuka kurusha mpira akachukua wiketi 11, yaani akawatoa wapigaji mara 11.

Rekodi ile, ya mikimbio mingi kuliko yote ya mtu mmoja kwa zamu moja, ilikaa zaidi ya miaka 116, mpaka Januari 2016 Pranav Dhanawade, kijana wa Kalyan kule India, baba yake dereva wa bajaji, alipopiga 1,009. Hiyo ya bajaji naipenda mno, kila nikipanda bajaji kwenda Majengo naikumbuka.

Ila Collins mwenyewe hakufika mbali kwenye kriketi. Alibaki mchezaji wa ridhaa, akaingia jeshini kikosi cha wahandisi, akawa anacheza na wanajeshi wenzake, na alikuwa mzuri tu, ila daraja la juu hakuwahi kucheza hata mechi moja. 1914 akaoa. Mwaka huohuo vita ya kwanza ya dunia ikaanza, na Novemba 11 akauawa karibu na Ypres, Ubelgiji, kapteni wa miaka 29. Mwili haukuonekana, jina lake limechongwa kwenye lango la Menin, lango la kumbukumbu pale Ypres, pamoja na wenzake zaidi ya 54,000 wasio na kaburi.

Hapo kwenye majina ndipo huwa nakwama, maana vita ileile ilifika kwetu Ugogo. 1916 majeshi ya Makaburu upande wa Waingereza yakaingia Kondoa kisha Dodoma, Wajerumani wamechukua ng'ombe na nafaka, Waingereza nao wakachukua, wanaume wakabebeshwa mizigo ya jeshi, mvua nayo ikagoma, ndo ikaja njaa ile wazee wanaiita Mtunya. Bibi mzaa mama alitusimulia alivyosimuliwa na mama yake, kwamba wajomba zake wawili walichukuliwa upagazi wakiwa vijana kabisa, hawakurudi, na hakuna aliyekuja kusema wamelala wapi. Bibi alikuwa akifika hapo anayataja majina yao taratibu, moja halafu la pili, mwaka huu nimeyaandika kwenye daftari pamoja na la mama yao.