Kabari la mninga

Nilihamia kwenye nyumba yangu ya Chanika mwishoni mwa 2016, ikiwa na milango, madirisha na madeni, basi. Nguo za kazini nilizitundika kwenye kamba niliyoifunga kutoka nondo ya dirisha hadi msumari wa ukutani. Khanga zililala sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, kwa hiyo kila nilikokwenda nilinuka sanduku.

Fundi wa kwanza wa kabati alichukua kianzio akazima simu. Huyo tumwache. Nikampigia baba, Muheza, aliyekula mkate wa useremala zaidi ya miaka 30 na sasa alikuwa anafuga kuku na kulalamika kiuno.

"Usihangaike na mtu mwingine, mama," akasema. "Wewe pima, ukakatishe bodi. Nikifika ni kufunga tu."

Chumbani palikuwa na pengo kati ya nguzo na ukuta wa nje, liliachwa makusudi kwa ajili ya kabati. Nikapiga goti, nikavuta futi sakafuni: sentimita 187. Nikaandika kiganjani, nikaondoka. Dukani wakanikatia bodi nyeupe za MDF, zile za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, za milimita 18 kwa mashine, wakazibandika utepe ukingoni, zikaja nyumbani kwa kirikuu, nami nimekaa mbele na dereva kama bibi harusi.

Baba alishuka kwenye basi Ijumaa jioni na mfuko wa salfeti uliojaa vyuma: randa, patasi tatu, msumeno uliopakwa mafuta, na timazi ya shaba aliyoifunga kwenye soksi.

Asubuhi tukaanza. Bodi ya chini ikaingia kama droo. Ya juu ikagoma. Tukaigeuza, tukaigonga, mimi nikaanza kulilaumu duka kwa maneno ambayo baba alijifanya hayasikii. Kisha akapanda stuli, akaubana uzi wa timazi ukutani kwa kidole, juu kabisa, akaiachia ining'inie. Tukasubiri itulie. Juu uzi ulikuwa umegusa plasta. Chini, nilipitisha kidole gumba kati ya uzi na ukuta, na bado kikacheza. Sentimita 3. Ukuta ulikuwa umetuinamia.

"Ulipima wapi?"

"Chini."

"Chini tu?"

"Chini tu, baba."

"Pengo hupimwa mara tatu. Chini, katikati, juu. Ukuta si rula, mama."

Nikanyamaza kwa adabu. Lakini hilo neno rula nilikuwa nimewahi kulisikia. Nyumba ilipokuwa inapanda, 2014, mimi nilikuwa kazini Mwanza, na kila Jumapili kuna mtu alikuwa akinipigia simu: "Kuta zimenyooka kama rula, mama, wewe tuma hela ya saruji."

Nikauliza taratibu, "Hivi baba, fundi wa ukuta huu alisimamiwa na nani?"

Akaitazama timazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lete msumeno," akasema.

Tukakata upya bodi zote za kulala kwa kipimo cha juu, utepe mpya na hela yake vikaenda na vumbi. Kabati zima akalisimamisha juu ya mbao za inchi 4, maana MDF ikionja maji ya kudekia huvimba kama andazi. Nyuma akaacha upenyo, na juu ya milango akatoboa matundu matano matano. Masika ya Dar bila hewa, nguo huota ukungu zikiwa zimekunjwa vizuri kabisa.

Likabaki lile pengo la pembeni: chini sentimita 3, likipungua kadiri linavyopanda hadi kuisha. Mimi ningeziba kwa silikoni. Baba akaniangalia kama niliyetukana. Akaenda Keko peke yake, akarudi na ubao mmoja mwembamba wa mninga wenye urefu wa kabati, na mchana kutwa akaupiga randa uani. Maranda yalitoka marefu, yamejikunja kama maganda ya chungwa, na vumbi lake likatupigisha chafya hadi kwa jirani. Kila baada ya mikupuo kadhaa anaingia ndani, anaujaribu, anatoka, anapunguza kidogo tena. Jua linazama ndipo kabari lilipopenya lote, akaligonga mara ya mwisho kwa kiganja. Mstari wa kahawia kwenye kabati jeupe, chini upana wa vidole viwili, juu ncha ya penseli.

Wiki iliyofuata jirani anayejenga kiwanja cha nyuma alikuja kuliona. Alifungua milango, akafunga, mwishowe akasimama kwenye ule mninga.

"Mzee, hii nakshi ya pembeni nimeipenda. Na mimi ukinitengenezea kama hii, shilingi ngapi?"

Baba alikuwa anakunja soksi ya timazi yake.

"Hiyo haiuzwi peke yake," akasema. "Lazima ununue na ukuta."